Ndugu Anaporudi Kututembelea: Haki Zake Kwetu na Haki Zetu Kwake

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.



Kila mwaka katika miezi ya Julai na Agosti, masomo yanapofungwa Ubelgiji na Ufaransa, ndugu zetu waliohamia huko wanarudi kututembelea. Wanatua Kinshasa, wanatafuta ndege nyingine ya kuja Kindu, na wengine bado wanavuka mto Lualaba kwa mtumbwi mpaka Alunguli, valizi kichwani. Siku ya kufika ni siku ya furaha: kuku anachinjwa, wali unapikwa, sombe inatwangwa, watoto wanajaa uani. Lakini wiki ya tatu mara nyingi ni wiki ya maneno. Mgeni anasema, "Wananiona mimi ni feza tu." Wenyeji wanasema, "Ametusahau, amekuwa mzungu." Anaondoka bila kuagana vizuri, na baadaye tunasikia ameapa kwamba hatarudi tena. Hapo udugu umekatika, na kukata udugu ni dhambi kubwa. Kwa hiyo somo letu la leo ni juu ya ziara hii.

MFANO WA MTUME (s.a.w.)

Waislamu, msidhani jambo hili ni jipya. Mtume wetu mwenyewe alihama mji wake. Alitoka Makka mwaka 622, akakaa Madina, na alirudi Makka akiwa mgeni. Mwaka wa 7 wa Hijra, yaani 629, alirudi kwa Umra, akakaa siku tatu tu kama yalivyokuwa mapatano ya Hudaybiya, na siku zilipokwisha akaondoka. Alitimiza ahadi ndani ya mji aliozaliwa.

Mwaka wa 8 wa Hijra, yaani 630, aliingia tena Makka, safari hii akiwa mshindi. Usama bin Zayd akamuuliza atafikia wapi. Mtume akamjibu kwamba Aqil hakuwaachia nyumba. Aqil ni mtoto wa Abu Talib, ami yake Mtume. Wenye kuhama walikuwa wameondoka, na nyumba za ukoo zilikuwa zimekwenda. Fikirini jambo hili: Mtume wa Mwenyezi Mungu anarudi kwao, na hana mlango wa kuingia. Akapigiwa hema. Hakumtoa mtu ndani ya nyumba aliyokuwa akikaa, na watu wa Makka waliomfukuza akawasamehe.

Kisha Ansari wa Madina wakaingiwa na hofu kwamba sasa atabaki kwao Makka. Akawahakikishia kwamba maisha yake na mauti yake yako pamoja nao. Akarudi Madina, na kaburi lake liko Madina mpaka leo.

Hapa tunapata mafunzo mawili. La kwanza, mtu anaweza kuupenda mji wake na bado akaishi na kufa katika mji mwingine, na hilo si usaliti. La pili, anayerudi anaweza kukuta mali yake imekwenda, na bado akaweka udugu juu ya mali. Lakini sikilizeni vizuri: asije mtu akajificha nyuma ya kisa hiki baada ya kula mali ya ndugu yake. Kusamehe ni haki ya aliyedhulumiwa. Aliyedhulumu hana haki ya kudai asamehewe. Wajibu wake ni kurudisha.

HAKI ZA MGENI KWETU SISI WENYEJI

Kwanza, tumpokee kabla ya kumuomba. Mtume ametufundisha kwamba mgeni ana haki ya kukirimiwa siku tatu. Wewe unamkaribisha kwa chai, na kabla hajavua viatu unamweleza deni la masomo, bati la nyumba na simu iliyovunjika. Mwache alale. Mwache aende kwenye makaburi ya wazee. Shida zako zitamngoja, hazitakimbia.

Pili, tujue gharama yake. Tiketi ya kwenda na kurudi kutoka Brussels hadi Kinshasa wakati wa likizo mara nyingi hupita dola 1,000 kwa mtu mmoja. Baba, mama na watoto watatu ni zaidi ya dola 5,000, kabla hawajalipa ndege ya Kindu na kabla hawajanunua hata mkate. Wengi huko wanasafisha maofisi usiku, wanahudumia wazee wasiojiweza, wanabeba mizigo katika maghala. Wanalipa nyumba, umeme na kodi kila mwezi. Na ile feza wanayotutumia, Benki ya Dunia imeonyesha kwamba kutuma katika nchi zetu za Afrika kusini ya Sahara kunakula karibu dola 8 katika kila dola 100. Anayetutumia ametoa zaidi ya kile tunachopokea.

Tatu, tusimcheke. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja, hauchanganywi na mwingine. Basi aliyechukua uraia wa Ubelgiji anaomba viza ili aingie katika nchi aliyozaliwa. Hilo peke yake linamuumiza. Usimwongezee kwa kumwita mzungu, wala usiwacheke watoto wake kwa sababu hawajui Kiswahili. Sheria ya nchi inaweza kumwita mgeni, lakini damu haiombi viza.

Nne, tulinde afya yake. Mtu aliyekaa Ulaya miaka mingi, kinga yake ya malaria hupungua, na watoto waliozaliwa huko hawana kinga hiyo kabisa. Usiseme, "Huyu ni mtoto wa hapa, malaria anaizoea." Mpeni chandarua. Akipata homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Naye mgeni aanze dawa za kinga kama daktari wake alivyomwandikia, na asisahau karatasi ya chanjo ya homa ya manjano, maana inadaiwa anapoingia nchini. Akisharudi Ulaya na akapata homa, hata baada ya wiki nyingi, amwambie daktari kwamba alikuwa Kongo.

HAKI ZETU KWAKE YEYE MGENI

Ndugu unayetutembelea, nawe sikiliza.

Mtume aliporudi safarini alikuwa akianza na msikiti, akiswali rakaa mbili, na alikataza mtu kuwaingilia watu wake usiku kwa ghafla bila habari. Basi toa habari mapema, na ukifika mshukuru Mola wako kabla ya kufungua valizi.

Anza na wazazi. Kuna ndugu ambao hatuwaoni kwa miaka kumi na mitano, na wanakuja siku ya kilio. Wananunua sanda nzuri, wanachinja ng'ombe, wanalia mbele ya watu. Tiketi ya kuja kumzika mama ni bei moja na tiketi ya kuja kumwona akiwa hai. Kama uwezo wako ni safari moja tu, njoo wakati bado anaweza kukushika mkono. Na ukiwa hapa, kaa naye. Mama hakukungoja miaka yote ili akuone ukipita na gari la kukodi.

Usijionyeshe. Wengine wanakopa huko ili waje kutapanya hapa, na wakirudi wanalipa deni miaka miwili. Kijana wa kartye anayeona anasa hiyo anadhani Ulaya feza inaokotwa barabarani. Anauza parseli ya baba yake, anaingia njia ya jangwa na bahari, na wengi wamekufa katika njia hiyo. Uongo wako wa wiki tatu unaweza kuwa kaburi la mtoto wa mtu. Waambie vijana ukweli: saa unazofanya kazi, baridi, upweke, makaratasi.

Na katika kutoa, kuna mafundisho yaliyo wazi katika Sura ya Al-Israa, aya ya 26 mpaka ya 29. Humo tumeamrishwa kumpa jamaa haki yake, na maskini, na msafiri. Tukakatazwa kutapanya mali. Tukafundishwa kwamba tukiwa hatuna cha kutoa, tuwaambie watu neno laini. Na tukaonywa tusifunge mkono kwa ubakhili wala tusiukunjue wote mpaka tukabaki na majuto. Aya hizi nne zinatosha kuongoza ziara nzima. Panga kiasi chako kabla ya kupanda ndege. Kikisha, sema kwa upole kwamba kimekwisha. Usikimbie, usizime simu, usitukane.

Anza na aliye dhaifu. Shangazi mjane anayeona haya kuomba ana haki kuliko rafiki anayekungoja katika baa. Sadaka kwa jamaa maskini ina malipo mawili: ya sadaka na ya kuunga udugu. Na ikiwa una zaka, kaka, dada, mjomba au shangazi aliye fukara anaweza kuipokea. Wazazi na watoto wako usiwape zaka, kwa sababu kuwalisha ni wajibu wako tangu mwanzo.

AMANA YA NYUMBA NA KIWANJA

Ndugu zangu, hapa ndipo udugu mwingi unapokufa. Tuchukue mfano. Mtu anamtumia kaka yake dola 200 kila mwezi ajenge nyumba. Miaka mitano ni dola 12,000. Kila mara anaambiwa, "Tumefika kwenye linteli, tumefika kwenye bati." Anapokuja anakuta msingi na nyasi, au anakuta parseli imeuzwa na jina la mtu mwingine liko katika karatasi. Kaka anasema, "Tulikuwa na wagonjwa, tulikula." Pengine ni kweli kulikuwa na wagonjwa. Basi kwa nini hukusema siku ile? Angekupa feza ya dawa kwa radhi yake. Ulichoficha kimegeuka kuwa khiyana, na katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 58, tumeamrishwa kurudisha amana kwa wenyewe.

Basi tufanye hivi. Yule wa Ulaya asitume feza ya ujenzi na feza ya chakula katika mfuko mmoja. Aseme hii ni ya nini na ile ni ya nini. Mapatano yaandikwe na mashahidi wawepo, kama tulivyofundishwa juu ya deni katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282. Usione haya kuandika kwa sababu ni ndugu. Karatasi inalinda udugu. Hati za kiwanja ziandikwe kwa jina la mwenye mali. Msimamizi apewe malipo ya kazi yake, hata kama ni mtoto wa mama mmoja, maana mtu anayesimamia jengo miaka mitano na watoto wake wana njaa amewekwa katika jaribu kubwa. Na yule aliyekwisha kula, asingoje ndege itue. Apige simu leo, aseme ukweli, aombe kulipa kidogo kidogo. Mbele ya wazee mambo haya yanasuluhishwa. Mbele ya Mola hakuna franka wala dola, kuna mema na mabaya tu.

SWALI LA SWALA

Wageni wengi wanauliza: nimerudi mji niliozaliwa, je, nafupisha swala? Katika madhehebu yetu ya Kishafii, aliyehama na kuweka makazi kwingine ni msafiri anapofika mji wake wa zamani. Lakini akiazimia kukaa siku nne kamili au zaidi, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, anaswali kamili tangu anapofika. Kwa hiyo mwenye kuja kwa wiki tatu anaswali kama sisi. Mtume alifupisha Makka mwaka ule wa 8 wa Hijra, na wanazuoni wetu wameeleza kwamba alikuwa akingoja kumaliza shughuli zake, hakuazimia muda wa kukaa.

MWISHO

Mtume ametufundisha kwamba muungaji wa udugu si yule anayelipa wema kwa wema. Ni yule ambaye ndugu zake wakimkata, yeye anawaunga. Kabla ya mgeni wako kuondoka, kaeni pamoja, mwenyeji na mgeni, ombaneni msamaha, someni dua. Hakuna mwenye ahadi ya kuonana tena mwaka ujao.

Ee Mola wetu, walinde wasafiri wetu barabarani, mtoni na angani. Warehemu wazazi wetu walio hai na waliotangulia. Tupe ulimi wa kweli na mkono wa kurudisha amana. Waunganishe walioachana kwa ajili ya mali. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.