Somo la Ujenzi: Dohani Salama kwa Tanuri la Matofali

Mtu anayetaka kuoka mikate ya kuuza, keki za sherehe au piza kwa ajili ya wageni wapitao Moshi kuelekea mlimani ana sababu njema ya kujenga tanuri la matofali uani kwake. Tofali la kuchoma, mchanga na udongo wa mfinyanzi ni vifaa ambavyo fundi wa kijijini anavifahamu tangu ujana wake. Hata hivyo, wengi hujenga tanuri zuri na kuisahau dohani, yaani bomba la moshi. Matokeo yake ni macho mekundu, kifua kinachobana na cheche zinazoruka ovyo kuelekea paa la jirani.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa kupikia na uchafu mwingine wa hewa ndani ya nyumba ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Nchi yetu nayo ina Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Chakula cha kila siku kinapaswa kuelekea huko. Lakini kwa yule ambaye tanuri la kuni ni sehemu ya riziki yake, wajibu wa kwanza ni kuuondoa moshi mbele ya uso wake na wa watoto wake.

Dohani hufanyaje kazi?

Hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi, kwa hiyo hupanda. Ikipewa njia nyembamba iliyosimama wima, hupanda kwa kasi na kuvuta hewa nyingine nyuma yake. Mvuto huo huongezeka kadiri dohani inavyokuwa ndefu na kadiri moshi unavyobaki na joto. Njia ikiwa fupi mno, mvuto huwa dhaifu. Ikiwa pana mno, moshi hupoa na kuzubaa njiani. Ikiwa nyembamba mno, moshi hukosa nafasi na kurudi mlangoni.

Mahali pa kuiweka

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kutoboa kuba la tanuri kwa juu au kwa nyuma. Moshi utatoka, lakini joto nalo litatoka pamoja nao, na kuni zitaisha kabla mkate haujaiva. Katika tanuri la kuba, hewa baridi huingia kwa chini kupitia mlangoni, huuchochea moto, hupanda hadi darini kwa kuba, kisha moshi hutoka kwa juu kupitia mlango huohuo. Kwa sababu hiyo dohani hujengwa mbele, nje kidogo ya mlango, ili iupokee moshi pale unapotoka.

Mlango wenyewe uwe na kipimo. Kimo chake kiwe takriban asilimia 63 ya kimo cha kuba kwa ndani. Kuba la sentimita 50 litahitaji mlango wa sentimita 31 au 32. Mlango mrefu kuliko hapo humwaga joto, na mfupi kuliko hapo huunyima moto hewa.

Hesabu ya matofali

Pima tofali lako kabla ya kuanza, kwa maana matofali yetu hayalingani. Tuchukue mfano wa tofali lenye urefu wa sentimita 22, upana wa 10.5 na kimo cha 7. Ukipanga matofali manne mazima na nusu mbili kwa kuzunguka, yaani matofali matano kwa kila kozi, utabakiwa na tundu la takriban sentimita 11 kwa 23. Tundu hilo linatosha tanuri la nyumbani lenye upana wa ndani usiozidi mita moja.

Kozi moja pamoja na udongo wake hufikia sentimita 8. Dohani ya mita 2 itakuwa na kozi 25, sawa na matofali 125. Ongeza 15 kwa ajili ya yatakayovunjika. Zingatia pia uzito: tofali la kipimo hicho lina takriban kilo 2.75, hivyo dohani yote itakaribia kilo 350 kabla ya kuhesabu udongo. Kamwe usiupandishe mzigo huo juu ya kuba. Jenga nguzo mbili za matofali pande zote mbili za mlango, zikianzia kwenye msingi imara, kisha uziunganishe kwa upinde au kwa chuma cha pembe. Dohani isimame juu ya nguzo hizo.

Hatua za ujenzi

1. Acha nafasi ya sentimita moja kati ya nguzo za mbele na kuba. Tanuri hutanuka likipata moto. Yakishikana, moja litapasuka. Nafasi hiyo izibwe kwa udongo laini uliochanganywa na majivu.

2. Jenga koo la dohani. Ikiwa nafasi iliyo mbele ya mlango ina upana wa sentimita 45, sogeza matofali ndani sentimita 3 kwa kila upande katika kila kozi. Baada ya kozi nne utakuwa umeufikia upana wa tundu. Koo linalopungua taratibu huongoza moshi. Koo linalokatika ghafla huurudisha.

3. Tumia mchanganyiko unaovumilia moto: mchanga ndoo tatu, saruji ndoo moja, chokaa ndoo moja na udongo wa mfinyanzi uliochekechwa ndoo moja. Saruji peke yake hulegea kwenye joto kali. Chokaa na mfinyanzi ndivyo vitakavyoendelea kushikilia. Loweka matofali kwanza ili yasiufyonze mchanganyiko maji.

4. Panda kwa timazi na pima maji. Katika kila kozi badilisha mahali pa nusu tofali ili viungo visipangane. Kwa ndani, futa udongo uliojitokeza kwa mwiko, maana kila kinundu hukusanya masizi.

5. Pandisha dohani angalau mita moja juu ya koo. Iwapo kuna paa au ukuta ndani ya mita 3, kichwa cha dohani kipite sehemu hiyo kwa sentimita 60 au zaidi. Upepo unaogonga paa na kushuka ndio unaorudisha moshi mlangoni.

6. Malizia kwa kofia ya kuzuia mvua, ikiwa juu ya tundu kwa sentimita 20 au zaidi, na wavu wa chuma wenye matundu ya sentimita moja kwa ajili ya cheche.

Usitumie bomba la plastiki, wala kipande cha bomba la zamani la asbesto, kwa kuwa vumbi lake huharibu mapafu. Bati lililopakwa zinki lisiwekwe karibu na koo, ambako moto ni mkali.

Kulikausha na kulizoesha moto

Liache tanuri likauke kivulini kwa wiki moja au zaidi, likifunikwa dhidi ya mvua. Kisha washa moto mdogo wa vijiti kila siku kwa siku tano, ukiongeza kidogo kidogo. Maji yaliyomo ndani ya tofali yakichemka ghafla, hupasua ukuta. Anayeanza sasa akumbuke kwamba miezi ya masika, Machi hadi Mei, si wakati mzuri wa kazi hii.

Kabla ya kuoka, pasha dohani moto kwa kuchoma gazeti au majani makavu chini ya koo kwa dakika moja. Moshi ukipanda moja kwa moja, washa kuni. Ukirudi, angalia kama wavu umezibwa na masizi, kama koo ni jembamba, au kama dohani ni fupi kuliko paa lililo karibu.

Usalama wa nyumba na jirani

Tanuri liwe mbali na paa la makuti au nyasi, mabua ya mahindi na malundo ya majani makavu. Likijengwa chini ya banda, mbao za paa zisiguse dohani. Ziache sentimita 10 pande zote, na uwazi huo uzibwe kwa bati, si kwa mbao. Weka ndoo ya mchanga na ya maji karibu. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, lakini gari kutoka Moshi mjini lina safari hadi Kahe, na nyumba ya makuti haingojei.

Usiwashe tanuri ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yenye sumu itokanayo na kuni zisizoungua vizuri haina harufu, na huua mtu akiwa usingizini. Tumia kuni kavu za matawi yaliyopogolewa shambani. Kuni mbichi hujaza dohani masizi, na masizi yakishika moto huwaka kama mafuta. Misitu ya hifadhi ya Kahe na Rau si ghala la kuni, bali ni ulinzi wa maji yetu. Safisha dohani kwa brashi ya waya kila baada ya miezi mitatu ikiwa unaoka kila siku.

Anayekusudia kuoka kwa biashara afike kwanza kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, na aonane na Afisa Afya wa Kata, kabla ya kununua tofali la kwanza. Kulisogeza tanuri ambalo bado ni alama za chokaa ardhini hakugharimu kitu. Kulivunja likiwa limekamilika ni hasara ya matofali, ya fundi na ya muda.

Jipime

Mlango wa tanuri lako una asilimia ngapi ya kimo cha kuba? Dohani yako imesimama juu ya nini? Kichwa chake kinapita paa la karibu kwa sentimita ngapi? Mwenye majibu matatu sahihi anaweza kumwita fundi. Asiye nayo achukue futi kamba na kupima kwanza.