HESABU ZA MAJEDWALI NA GRAFU: BUNGOMA NA TRANS NZOIA ZAPIMWA

Najua wengi wetu tukisikia neno "takwimu" tunaona giza. Swali lenye jedwali likija katika mtihani, tunaliruka kwanza, ati tutalirudia baadaye, na kengele hulia kabla hatujalirudia. Hesabu tunafundishwa kwa Kiingereza, lakini ubishi wa sokoni, wa kwenye matatu na wa nyumbani tunaufanya kwa Kiswahili. Ndiyo sababu nimeona nilete somo hili hapa chamani.

Chanzo cha makala haya ni mjadala wetu wa chama. Swali lilikuwa: kati ya kaunti za Bungoma na Trans Nzoia, ni ipi inayokua kwa kasi? Wanachama waliotoka pande za Bungoma walikaa huku, wa Kitale wakakaa kule, na maneno yakawa makali. Cha ajabu ni kwamba pande zote mbili zilishika jedwali lile lile! Tena ubishi wenyewe haukuwa wa bure. Idadi ya watu ni mojawapo ya vigezo vinavyotumiwa kugawia kaunti fedha za serikali. Na kwetu sisi wa magharibi, ukitaja watu umetaja pia shamba, na ukitaja shamba umegusa kidonda.

Jedwali lenyewe ni hili. Tarakimu zimetokana na sensa mbili za Kenya.

JEDWALI LA 1: IDADI YA WATU

Eneo | Sensa ya 2009 | Sensa ya 2019
Kaunti ya Bungoma | 1,375,063 | 1,670,570
Kaunti ya Trans Nzoia | 818,757 | 990,341
Kenya nzima | 38,610,097 | 47,564,296

Sasa twende pamoja, hatua kwa hatua. Chukua kalamu na karatasi, usisome kwa macho tu.

HATUA YA KWANZA: SOMA KICHWA KABLA YA TARAKIMU

Mwenzetu mmoja alisimama akasema, "Mnaona? Mji wa Bungoma una watu milioni moja na zaidi, Kitale haifui dafu!" Hebu rudi kwenye jedwali. Limeandikwa "Kaunti ya Bungoma", si mji. Humo mna Webuye, Kimilili, Chwele, Malakisi, Sirisia, hadi Kapsokwony kule Mlima Elgon. Kitale nayo haimo kabisa kwa jina, kwa maana imehesabiwa ndani ya Trans Nzoia pamoja na Endebess, Kwanza, Kiminini, Saboti na Cherang'any. Jedwali hili haliwezi kukuambia lolote kuhusu miji hiyo miwili.

Kwa hiyo, kabla ya kutia kalamu, jiulize: Ni nini kinachohesabiwa? Ni wapi? Ni mwaka gani? Kipimo ni watu, kilo, shilingi au asilimia? Maswali haya manne huchukua nusu dakika tu, na yatakuokolea alama nyingi.

HATUA YA PILI: TENGA ONGEZEKO NA KASI

Wa Bungoma walipiga hesabu hivi: 1,670,570 toa 1,375,063, unapata 295,507. Trans Nzoia ni 990,341 toa 818,757, unapata 171,584. "Tumeshinda!" wakapiga makofi.

Hesabu yao ni sahihi, lakini imejibu swali jingine. Imejibu "ni wapi palipoongezeka watu wengi zaidi?" Swali letu lilikuwa la kasi. Mwenye ng'ombe mia akiongeza kumi, na mwenye ng'ombe ishirini akiongeza tano, ni nani ambaye zizi lake limekua kwa kasi? Ni huyu wa pili, kwani ameongeza robo nzima ya alichokuwa nacho. Kasi hupimwa kwa kulinganisha ongezeko na mahali ulipoanzia:

Ongezeko ÷ idadi ya mwanzo × 100 = asilimia ya ongezeko.

Bungoma: 295,507 ÷ 1,375,063 × 100 = asilimia 21.5.
Trans Nzoia: 171,584 ÷ 818,757 × 100 = asilimia 21.0.
Kenya nzima: 8,954,199 ÷ 38,610,097 × 100 = asilimia 23.2.

Jamani, mwaona? Bungoma imetangulia kwa nusu ya asilimia tu. Na zote mbili zimekua polepole kuliko Kenya nzima! Sisi tulikuwa tukigombania ushindi, kumbe nchi ilikuwa imetupita sote. Mstari wa tatu wa jedwali ulikuwa pale pale, hakuna aliyeutazama. Angalia: ukigawanya kwa idadi ya 2019 badala ya 2009, jibu litapotoka. Daima gawanya kwa mwaka wa mwanzo.

HATUA YA TATU: GRAFU IMEANZIA WAPI?

Grafu ya mihimili ni ile yenye nguzo zinazosimama. Faida yake ni kwamba jicho huona haraka. Hasara yake ni hiyo hiyo: jicho huona haraka kabla akili haijafika.

Chora nguzo mbili za kasi ya ongezeko, 21.5 na 21.0, ukianzia sifuri, sentimita moja kwa kila asilimia mbili. Nguzo ya Bungoma itakuwa na urefu wa sentimita 10.75 na ya Trans Nzoia sentimita 10.5. Tofauti ni robo ya sentimita, kama unene wa njiti ya kiberiti. Sasa chora tena, lakini mstari wa kusimama uuanzie 20.5 badala ya sifuri. Bungoma itapanda kwa 1.0, Trans Nzoia kwa 0.5. Ghafla nguzo moja imekuwa maradufu ya nyingine! Tarakimu ni zile zile, hakuna aliyedanganya, lakini mtazamaji amepotea. Ukiona grafu gazetini au kwenye bango la kampeni, shuka kwanza chini ya nguzo uone zimesimama juu ya nini.

HATUA YA NNE: GAWANYA NDIPO ULINGANISHE

Sasa tuje kwenye shamba. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa Bungoma ina watu 552 kwa kila kilomita moja ya mraba, na Trans Nzoia ina 397. Kilomita moja ya mraba ni hekta 100, yaani kama ekari 247. Basi gawanya:

Bungoma: 247 ÷ 552 = ekari 0.45 kwa kila mtu.
Trans Nzoia: 247 ÷ 397 = ekari 0.62 kwa kila mtu.

Hapo chama kizima kilinyamaza. Chini ya nusu ekari! Mimi kwetu ni Bungoma, na suala la kugawa shamba hatulikosi likizo yoyote. Nilipoiona tarakimu hiyo nilielewa kwa nini wazee wanapandisha sauti.

Lakini tahadhari. Huo ni wastani. Ndani ya eneo hilo mmehesabiwa msitu wa Mlima Elgon, barabara, miji na shule. Kule Trans Nzoia mna mashamba makubwa ya shirika la ADC. Wastani haukuambii kuwa kila mtu anamiliki kipande hicho. Wapo wenye ekari mia na wapo wasio na hata pa kupanda sukuma wiki.

HATUA YA TANO: USILIULIZE JEDWALI LISICHOJUA

Sensa ya 2019 ilihesabu Bungoma wanaume 812,146 na wanawake 858,389. Trans Nzoia wanaume walikuwa 489,107 na wanawake 501,206. (Watu wa jinsia mbili walihesabiwa peke yao, ndiyo maana ukijumlisha hupati idadi kamili.) Mara moja mtu akasema, "Wanaume wa Bungoma wamekwenda Nairobi kutafuta kazi." Huenda. Lakini jedwali limesema "wangapi", halikusema "kwa nini". Katika mtihani ukiulizwa "jedwali linaonyesha nini", andika linachoonyesha. Ukiulizwa sababu, hapo ndipo ulete maarifa ya Jiografia na Historia.

ZOEZI

1. Chora grafu ya duara kuonyesha watu wa kaunti zote mbili mwaka 2019. Kila kipande kitakuwa na nyuzi ngapi?

2. Katika kila kaunti, kwa kila wanawake 100 kulikuwa na wanaume wangapi mwaka 2019?

3. (Bei hizi ni za mfano tu.) Kitale, gunia la kilo 90 la mahindi ni shilingi 3,600. Bungoma, gorogoro la kilo 2 ni shilingi 85. Nauli ya gunia ni shilingi 150. Mama anayenunua Kitale na kuuza Bungoma atabaki na nini?

MAJIBU

1. Jumla ni 2,660,911. Bungoma: 1,670,570 ÷ 2,660,911 × 360 = nyuzi 226. Trans Nzoia ni nyuzi 134. Hakikisha zinafika 360.

2. Bungoma 95, Trans Nzoia 98. Gawanya wanaume kwa wanawake, kisha zidisha kwa 100.

3. Gunia lina gorogoro 45. 45 × 85 = 3,825. Toa 3,600, zinabaki 225. Toa nauli, zinabaki 75 kwa gunia. Na hapo hajalipa ushuru wa soko wala mbebaji. Asiyebadilisha vipimo viwe sawa ataona 3,600 na 85, ashindwe pa kuanzia. Mama akikosea, si alama anayopoteza, ni karo ya mtoto.

Ndugu zangu, mjadala wetu uliisha bila mshindi, na pande zote zikacheka. Tarakimu si adui. Ukiiuliza swali lililonyooka, itakujibu bila kupendelea Bungoma wala Kitale. Wahenga hawakukosea waliponena kuuliza si ujinga. Nawatakia watahiniwa wote kila la heri, na swali la jedwali msiliruke tena.