MTOTO AFUNDISHWAYE NYUMBANI, NA MKONO WAKE MZITO

Dominika ya kwanza ya Kwaresima, wakatekumeni walio tayari huitwa mbele ya Eklezya, na majina yao huandikwa kitabuni. Kanuni ya kuwaingiza watu wazima katika Ukristu, iliyotolewa Roma mwaka 1972, yaruhusu kila mmoja aandike jina lake kwa mkono wake, au alitaje na wengine wamwandikie. Basi ijulikane tangu mwanzo kwamba Ubatizo haudai kalamu. Hakuna anyimwaye Sakramenti kwa kuwa hajui kuandika.

Hata hivyo wazazi wengi hutamani watoto wao waandike, na tamaa hiyo ni njema. Mwaka 2019 serikali ilitangaza kwamba shule za msingi za serikali zisilipiwe. Lakini mahali ambapo watu wamekimbia vita mara nyingi, kama vijiji vingi vya Kabambare tangu mwaka 1996, shule yaweza kuwa mbali, au kuwa nyumba isiyo na paa wala mwalimu. Hapo mzazi hushika chaki mwenyewe.

Na uwe mfano huu. Katika kijiji kimoja kando ya njia itokayo Kasongo kwenda Kabambare, baba mmoja mkatekumeni alimfundisha mwanawe wa miaka kenda. Kila jioni, kazi ya shamba la mpunga ikiisha, walitandika mkeka. Kwanza walisali, kisha wakasoma kitabu cha mafundisho, kisha mtoto akaandika juu ya kibao kwa chaki. Sala mtoto alizijua zote. Lakini alipopewa chaki, mkono ulitetemeka, herufi zikapinduka, b ikawa d, na neno moja likajaza kibao kizima. Baba akamwita mkaidi. Siku ya tatu akatwaa fimbo.

Haikupita muda mrefu, mtoto akaanza kutoroka kwenda mtoni saa ya somo. Na kwa kuwa somo na sala vilikuwa juu ya mkeka mmoja, aliikimbia na sala pia. Mama yake mzee yule baba ndiye aliyeliona jambo hili kwanza, akamwambia mwanawe: “Baba, wewe unamfundisha huyu kumwogopa Mungu kama anavyoiogopa fimbo.” Baba akakasirika; lakini Dominika iliyofuata alikwenda kwa katekista.

“Mwalimu,” akasema, “kichwa cha mtoto chashika yote, mkono wake wakataa. Je, si ukaidi?”

Katekista akamwita mtoto, akafungua kitabu penye Baba Yetu. Mtoto akasoma mbio, bila kosa. Kisha katekista akafunika mistari yote kwa kiganja, akaacha neno moja tu la katikati. Mtoto akalitazama, akanyamaza. Ikaonekana kwamba hakuwa akisoma, alikuwa akikumbuka. Nani awezaye kuandika herufi asizozitambua kwa macho?

Jambo hili si geni. Karibu na mwaka 403, Mtakatifu Yeronimo, akikaa Betlehemu, alimwandikia mama mmoja wa Roma, jina lake Laeta, aliyetaka shauri juu ya kumfundisha nyumbani binti yake mdogo Paula. Mtakatifu huyo, aliyeitafsiri Biblia kwa Kilatini, hakuona haya kueleza mambo madogo kabisa. Mtoto achongewe herufi za mti au za pembe ya ndovu, azichezee na kuyataja majina yake. (Wazee wa Kasongo walisikia habari za pembe nyingi zilizopita huko kwenda pwani siku za Tippu Tip, labda hakuna hata moja iliyochongwa herufi kwa mtoto.) Zisifuatane daima kwa mpango mmoja, bali zichanganywe, ili mtoto azijue kwa macho na si kwa wimbo tu. Anapoanza kuandika kwa mkono utetemekao, mkubwa auweke mkono wake juu ya mkono wa mtoto. Au herufi zichimbwe katika ubao, kalamu ipite katika mfereji wake bila kupotea. Apewe zawadi ndogo. Ajifunze pamoja na wenziwe. Akikawia, asikaripiwe. Zaidi ya yote, asije akayachukia masomo, kwa maana uchungu ulioingia utotoni waweza kudumu hata ukubwani.

Wakatekumeni watafurahi kujua jambo jingine katika barua hiyo. Babu yake Paula, mzazi wa Laeta, alikuwa bado mpagani, tena kuhani wa miungu ya Roma. Yeronimo hakumkatia tamaa. Aliona kwamba mzee akaaye kati ya watoto na wajukuu waamini amekwisha kuwa karibu na imani, naye alimwona mjukuu akimwimbia Aleluya mapajani pake.

Na juu ya fimbo, Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa kaskazini, aliandika alipokuwa askofu kwamba utotoni alimwomba Mungu asipigwe shuleni, na wakubwa, hata wazazi wake, waliyacheka mapigo yake. Kigiriki, alichofundishwa kwa vitisho, hakukipenda.

Yule baba aliporudi nyumbani alifanya hivi. Alitenga sala na somo: sala jioni, somo asubuhi, kwa muda usiozidi robo saa. Alichonga herufi chache katika vipande vya ubao. Kibao cha chaki alikiweka kando, akatandaza mchanga mkavu juu ya ungo, mtoto akaandika kwa kidole, herufi kubwa kubwa. Mchanga una faida hii, kwamba kosa lafutika kwa kutikisa ungo, wala halibaki kumwaibisha mtu. Bwana wetu mwenyewe, alipoletewa mwanamke aliyeshtakiwa, aliinama akaandika kwa kidole katika nchi.

Alianza na herufi za jina la mtoto, kisha ma, me, mi, mo, mu. Kiswahili chamhurumia mwanafunzi, kwa kuwa huandikwa kama kisikikavyo. Yapo magumu, kama mb, nd na ng’, na kwa wale ambao kinywa chao hakitengi r na l, hayo yangoje. B na d hazikufundishwa siku moja. Mtoto alipoweza maneno machache, baba alimwambia asimulie habari ya mtoni, naye akamwandikia sentensi moja tu ya masimulizi hayo, mtoto akainakili. Kubuni maneno na kuongoza mkono kwa wakati mmoja ni mizigo miwili. Mdogo abebe mmoja kwanza.

Iliobaki ilikuwa chaki. Mtoto aliishika kwa mkono wa kushoto kila baba alipogeuka. Hapa wengi hukosea. Adabu ya kupokea na kula kwa mkono wa kulia ni adabu, na ifundishwe. Lakini mkono wa kushoto katika kuandika si dhambi wala si laana. Ehudi, aliyemwokoa Israeli, alitumia mkono wa kushoto. Mtoto akaachwa. Na ambaye hasahihishiki kwa njia hizi zote, apimwe macho na masikio katika kituo cha afya kabla ya kuitwa mvivu.

Baba naye alikuwa na siri, ambayo alimwambia katekista baadaye: jina lake mwenyewe hakujua kuliandika vizuri, na kila kosa la mtoto lilimkumbusha aibu yake. Siku hizi ungo wa mchanga hukaa kati yao wawili.

Maswali ya kuulizana katika mkutano: Je, katika nyumba zetu, sala na adhabu hukutana juu ya mkeka mmoja? Mtoto anayejua sala kwa moyo, ametambua maneno yake kitabuni? Nani kijijini awezaye kuchonga herufi?