Somo: Baraza la Kila Mwaka na Miti ya Kasigau

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waliandikiana huko Ulaya, wakakubaliana juu ya mstari wa kuzigawanya nchi hizi zetu. Mstari ulianza mlangoni mwa mto Umba, ukakwea bara hata Ziwa Jipe, ukapita baina ya nchi ya Wataveta na nchi ya Wachaga, kisha ukauzunguka mlima wa Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini. Katika mapatano hayo hayo Sultani Barghash wa Unguja akaachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Hakuulizwa Mtaveta, hakuulizwa Mtaita, wala hawakuulizwa wenyeji wa Mombasa. Miaka 30 haikutimia, mpaka ule ukawa uwanja wa vita. Agosti 1914 Wajerumani waliitwaa Taveta. Februari 1916 majeshi yakauana kwenye kilima cha Salaita. Na reli ikavutwa kutoka Voi kwa haja ya vita hivyo. Makaburi ya askari yako Voi, Maktau na Taveta hata leo.

Twaanza na habari hiyo kwa kuwa wako miongoni mwetu wasemao kwamba siasa za nje ni kazi ya mawaziri na mabalozi, na kwamba mwenye duka au mwenye shamba hana haja ya kujua yasemwayo huko. Basi na tulitazame baraza moja la zama zetu, tuone kama kweli halituhusu.

Kila mwaka, aghalabu mwezi wa Novemba, wajumbe wa mataifa karibu yote ya dunia hukutana kushauriana juu ya mabadiliko ya tabianchi, yaani kuzidi kwa joto na kuvurugika kwa mvua kunakoletwa na moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi, na kwa kukatwa misitu. Asili ya baraza hilo ni mkataba uliotiwa sahihi Rio de Janeiro mwaka 1992. Kikao cha kwanza kilifanyika Berlin mwaka 1995, katika mji ule ule ambao mataifa ya Ulaya yalikaa mwaka 1884 na 1885 kuwekeana kanuni za kuitwaa Afrika. Safari hii Waafrika walikuwamo ukumbini. Mwaka 2006 baraza lilikuja Nairobi.

Mambo ya baraza hili hayaamuliwi kwa kuhesabu kura. Yapasa wote waafikiane, na taifa moja laweza kuzuia jambo. Kwa hiyo siku nyingi hupita katika kugombania maneno. Huko Glasgow mwaka 2021 andiko lilisema kwamba makaa ya mawe yasiyozuiliwa moshi wake yaondolewe hatua kwa hatua. Katika saa za mwisho, kwa kushikilia India na wenziwe, neno likageuzwa likawa yapunguzwe. Huenda msomaji akauliza, neno moja lina nini? Aliyeagizwa kuondoa atakuja kuulizwa siku gani atamaliza. Aliyeagizwa kupunguza hata akipunguza kijiko kimoja amekwisha kutii. Vivyo hivyo Paris mwaka 2015, nchi tajiri zilikubali kutaja hasara na madhara yanayowapata maskini, walakini zikataka iandikwe wazi kwamba kutaja huko si msingi wa kudaiwa fidia. Mfuko wa hasara na madhara ulipopatikana, ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 na kufunguliwa Dubai mwaka 2023 kwa ahadi za dola kiasi cha milioni 700. Ahadi, twasema, si fedha mkononi.

Sasa tuje Taita. Kati ya Tsavo ya Mashariki na Tsavo ya Magharibi pana nyika ya ranchi zilizouzunguka mlima wa Kasigau, na ndiyo njia ya ndovu. Watu walikuwa wakikata miti huko kwa mkaa na kwa mashamba. Kampuni iitwayo Wildlife Works ilianza kazi Rukinga mwishoni mwa miaka ya 1990. Baadaye, mwaka 2005 huko Montreal, nchi za misitu zilileta barazani hoja ya kwamba anayeuacha msitu usimame anastahili kulipwa. Bali mwaka 2007 hoja ikaingia katika mpango wa baraza. Baraza lilikuwa halijamaliza kuandika kanuni zake pale Kasigau ilipotangulia: mwaka 2011 ulikuwa mradi wa kwanza wa namna hiyo duniani kupewa hati chini ya kanuni kubwa ya soko la hiari.

Hati hiyo ni kitu gani? Hati moja ni tani moja ya hewa ya ukaa ambayo yasemekana haikwenda angani kwa sababu mti haukukatwa. Kampuni ya mbali yenye moshi wake huinunua hati ili ijihesabie kwamba imelipa deni. Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Ili kujua miti mingapi imeokoka ni lazima kukadiria mingapi ingalikatwa kama mradi haukuwapo, na jambo lisilotukia halipimwi kwa mizani. Wataalamu wamebishana juu ya makadirio ya miradi mingi ya namna hii, nasi twaona ubishi wao ni wa haki. Lakini lililo karibu zaidi nasi ni fedha. Miti ni ya nani, na anayelipwa ni nani?

Katika Taita Taveta swali hili ni zito kuliko kwingine, maana kiasi cha sehemu 62 katika 100 za ardhi ya kaunti zimo ndani ya mbuga za Tsavo zilizofanywa mwaka 1948. Iliyosalia imegawanyika baina ya ranchi, mashamba makubwa ya katani na wananchi. Mwenye hisa katika ranchi aweza kupata gawio. Je, asiye na hisa, ambaye ndovu hula mahindi yake usiku, apata nini? Hapa pwani tuna mfano wa Gazi, ambako wanakijiji wenyewe hulinda mikoko kwa mradi wa Mikoko Pamoja, na fedha za hati zimetiwa katika maji na skuli. Mradi ule ni mdogo, na faida yake yaonekana kwa macho.

Bunge la Kenya lilipitisha mwaka 2023 sheria ya kurekebisha ile ya mabadiliko ya tabianchi. Inataka mradi wa ardhi uwe na mapatano na wenyeji, nayo yaandikishwe, na kila mwaka wenyeji wapate sehemu isiyopungua 40 katika 100 za mapato ya mwaka uliotangulia. Ni sheria njema kwa maandishi. Hata hivyo asiyeona daftari hawezi kujua 40 hiyo imetoka katika jumla gani, gharama zipi zilihesabiwa, na nani aliyezikagua.

Wa Mombasa naye asidhani kwamba haya ni ya watu wa bara. Maji ya Mzima yanayokuja kwetu kwa mabomba hutoka ndani ya Tsavo ya Magharibi, nayo ni mvua iliyonyesha vilima vya Chyulu ikapenya mawe. Tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022 misimu 5 ya mvua ilikosa kufuatana katika nchi kavu za Afrika ya Mashariki, na serikali ikatangaza kwamba ndovu 205 walikufa katika Kenya kati ya Februari na Oktoba 2022. Walikufa na ng'ombe pia, na wenye ng'ombe wakashuka mijini kutafuta vibarua.

Kikao cha mwaka 2027 kimepangwa kufanyika Addis Ababa. Wakati ungalipo wa watu wa Voi, Mwatate na Kasigau kuketi na wawakilishi wao wa kaunti, kuitaka nakala ya mapatano yaliyoandikwa kwa jina lao, kusomewa kwa Kiswahili na Kitaita, na kuwauliza wajumbe wa serikali kabla hawajasafiri: neno gani mtalitetea huko, na lipi mko tayari kuliacha?