Mtikuu, Mgunya, Mbajuni: Majina ya Asili katika Mazungumzo ya Kizingitini

Mgeni anayeshuka chomboni Kizingitini, mji wa wavuvi ulioko kaskazini-mashariki ya kisiwa cha Pate, hutarajiwa kujibu swali moja kabla ya mengine: "U mwana wa nani?" Swali hilo halitaji rangi wala kabila. Linataka jina la baba, kisha la babu, kisha mji waliotoka. Makala hii inachunguza maneno ambayo wakaazi wa mji huo na majirani zao huyatumia kumtambulisha mtu kwa asili yake. Hoja inayotetewa ni kwamba maneno hayo, kwa sehemu kubwa, humweleza mtu kwa nasaba na mahali, tena hudokeza mahali anaposimama yule anayesema. Yalipochukuliwa na karani wa serikali yakaandikwa katika fomu, yalianza kufanya kazi ambayo hayakuundiwa.

Inafaa kuanza na rangi yenyewe. Kiswahili cha pwani kina msamiati mpana wa rangi ya mwili: mweusi, maji ya kunde, mwekundu, mweupe. Msomaji aliyezoea vitabu vya Ulaya huenda akadhani kwamba hayo ni majina ya mbari. Sivyo. Katika ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, huyu huitwa mweupe na yule maji ya kunde, na wote wakawa wa ukoo mmoja wenye haki sawa. Ni sifa za mtu, kama urefu au wembamba. Wabajuni kwa mapokeo huhesabu koo kumi na nane, na masimulizi ya koo hizo huzinasibisha baadhi yao na Wagare wa upande wa Somalia, nyingine na Uarabuni, nyingine na pwani yenyewe. Kwa kuwa nasaba hufuata baba, mtoto ambaye mama yake ni wa asili nyingine hapungukiwi na jina la ukoo.

Lakini ingekuwa udanganyifu kudai kwamba katika lugha hiyo rangi na umbo havikuwa na uzito wowote. Nywele za singa husifiwa. Nywele za kipilipili hutajwa tu, na mara nyingi kwa utani. Neno suriama, ambalo wanakamusi hulieleza kuwa ni chotara, limejengwa juu ya suria, mjakazi aliyezaa na bwana wake. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba alikuwa muungwana kamili, ila neno lilihifadhi kumbukumbu ya mama ambayo sheria ilikuwa imekwisha kuifuta. Kadhalika, hali ya utumwa iliondolewa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini mtumwa lilibaki kuwa tusi ambalo mzee wa pwani hawezi kulisamehe kwa urahisi. Hata msamiati wa sifa njema haukusalimika. Wanahistoria, akiwamo Randall Pouwels katika kitabu chake cha mwaka 1987, wameonyesha jinsi uungwana, dhana iliyomhusu mwenye mji na adabu zake, ulivyosongwa katika karne ya 19 na ustaarabu, neno ambalo mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kujifanya au kuwa Mwarabu. Kila anayesema leo kwamba fulani ni "mstaarabu" hana nia ya kumsifu kwa Uarabu. Historia hiyo imo nenoni hata hivyo.

Baada ya rangi huja mahali, na hapa ndipo penye utajiri zaidi. Neno Mtikuu limetokana na nti kuu, yaani nchi kuu. Lahaja za kaskazini huwa na t panapo ch ya Kiswahili sanifu, kama katika mato kwa macho. Mtikuu, basi, ni mtu wa nchi kubwa, ile bara inayovikabili visiwa vya Lamu na kuendelea kaskazini. Ni nani angeiita nchi hiyo "kuu"? Ni yule aliyesimama kisiwani akaitazama ng'ambo. Jina limebeba macho ya Mwamu na Mpate. Kinachovutia ni kwamba limeendelea kutumiwa kwa wavuvi wa Kizingitini, Faza na Tchundwa, ambao wao wenyewe ni watu wa kisiwani. Tena vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 vilisababisha vijiji vingi vya Wabajuni vya upande wa bara kuhamwa, watu wakakimbilia visiwani, Malindi na Mombasa. Waliiacha nti kuu, jina lao likabaki huko.

Linganisha na Mbara. Nalo lina maana ya mtu wa bara, na kwa ramani tu maneno haya mawili yangekuwa kitu kimoja. Kwa matumizi yako mbali. Mtikuu ni jamaa wa pwani, hata akichekwa kwa matamshi yake. Mbara ni mtu wa kutoka ndani ya nchi, aliye nje ya mtandao wa "mwana wa nani". Neno hilo halikuwa la uadui kwa asili yake. Limezidi kuwa zito kadiri migogoro ya ardhi ya Lamu ilivyokua, na baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, yaliyoua zaidi ya watu 60, maneno mwenyeji na mbara hayakuweza tena kutamkwa katika wilaya hiyo ya zamani kama maelezo matupu ya jiografia.

Mgunya ni jina la tatu, na ni la watu wa nje zaidi: husikika Mombasa na Unguja kuliko Pate. Wapo wanaolipokea kwa utani, wapo wanaolikataa waziwazi. Wao wenyewe husema Mbajuni. Jambo hili linawahusu moja kwa moja wanafunzi wa isimu, kwa kuwa orodha za lahaja hutaja Kitikuu, Kigunya na Kibajuni kana kwamba uchaguzi ni wa bahati nasibu. Malcolm Guthrie, katika uainishaji wake wa lugha za Kibantu, aliipa Kitikuu namba G41 na kukitenga na Kiswahili, alichokipa G42. Hivyo jina lililotolewa na jirani liligeuka kuwa mpaka wa lugha. Unguja kuna mfano wa kufanana: Kihadimu, jina lenye mzizi wa Kiarabu unaohusu utumishi, limepisha Kimakunduchi au Kikae katika maandishi mengi ya kitaalamu.

Serikali ya kikoloni haikuwa na subira na mambo haya. Ilitaka kujua nani mwenyeji na nani si mwenyeji, kwa kuwa kodi na mahakama vilitegemea jibu hilo. Mombasa, watu wa Thenashara Taifa walitumia miaka mingi wakidai kuhesabiwa pamoja na Waarabu. Unguja, idadi ya waliojiandikisha kuwa Waswahili ilishuka sana kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931. Watu hawakuwa wamekufa wala kuhama. Walikuwa wamejifunza neno lipi lina faida.

Kwa Wabajuni, kalamu ya serikali ilichora pia mpaka. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Jubaland, na visiwa vya Wabajuni karibu na Kismayu vikaenda pamoja nayo. Watu wa koo zile zile wakawa wa dola mbili. Vita vya Somalia vya 1991 vilipowatawanya wale wa kaskazini, wengi walifika Mombasa, na baadhi yao Uingereza, ambako maofisa wa uhamiaji walitumia uchambuzi wa lugha kuamua kama mwombaji ni Mbajuni wa Somalia au Mswahili wa Kenya. Lahaja ilitakiwa itoe ushahidi wa uraia. Lakini mtoto aliyezaliwa Chula, akakulia kambini kisha katika mitaa ya Mombasa, husema moya nyumbani na moja dukani, na akiulizwa u mwana wa nani hujibu kwa jina la baba yake, jibu ambalo halikuwa na nafasi katika fomu.