Nyota na Msalaba Juu ya Makaburi ya Askari

Katika nchi ya Ufaransa, juu ya pwani, pana mahali paitwapo Colleville-sur-Mer. Hapo wamezikwa askari wa Marekani zaidi ya 9,000, ambao wengi wao walikufa mwaka 1944 katika vita vya kuwaondoa Wajerumani. Juu ya kila kaburi limesimama jiwe jeupe la marumaru: msalaba kwa Wakristo, nyota ya pembe sita kwa Wayahudi.

Lakini Wayahudi kadhaa waliwekewa msalaba. Sababu gani? Kila askari alivaa shingoni kibati chenye jina lake na herufi ya dini yake: C kwa Mkatoliki, P kwa Mprotestanti, H kwa Mwebrania. Wajerumani walikuwa wakiwaua Wayahudi kwa mamilioni. Kwa hiyo Myahudi aliyeogopa kutekwa pengine alikitupa kibati hicho, au alijiandikisha kwa herufi nyingine. Tena karani aliyeandika majina ya maelfu ya wafu aliweza kukosea.

Mkatekumeni atauliza: Je, kuuondoa msalaba kaburini si kuudharau? La. Mkatekumeni hutiwa alama ya msalaba katika paji la uso kwa kuwa mwenyewe ameomba kumfuata Kristo. Askari yule hakuomba. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba mtu asilazimishwe kuamini. Na kumwekea mfu alama ya imani asiyoishika ni kumsemea asiyeweza kujibu.

Chama kiitwacho Operation Benjamin hutafuta makaburi ya namna hiyo. Kazi ni ya polepole, na ndivyo ipasavyo. Jina peke yake si ushuhuda, kwani mwenye jina la Kiyahudi huenda alibatizwa. Basi hutafutwa hati za kuzaliwa, makaburi ya wazazi, na watu wa ukoo walio hai. Jamaa wakiisha kuomba, shauri hukatwa na tume ya serikali ya Marekani inayotunza makaburi ya askari wake katika nchi za ng'ambo. Mwaka 2018 nyota ilisimamishwa Colleville mahali pa msalaba. Mwaka 2020 makaburi matano yalisahihishwa Manila, katika Ufilipino.

Siku hiyo jamaa husali Kadishi, sala ya kale ambayo Wayahudi huwasalia wafu wao. Ndani yake kifo hakitajwi hata mara moja. Linalotukuzwa ni Jina la Mungu.