Chukudu ya Kudumu: Namna ya Kuichagua kwa Kazi ya Nyumbani



Katika somo hili tutaangalia namna ya kuchagua chukudu ya nyumba, ile itakayobeba ndizi, makala, mihogo na maji bila kuvunjika upesi. Wengine watasema: hiyo ni kazi ya baba na ya fundi, mwanafunzi anahusika nini? Lakini hapa Kalunguta minervali ya watoto wengi inapita juu ya magurudumu mawili ya mbao. Chukudu ikivunjika wakati wa mavuno, mzigo unalala njiani, na mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu ya deni. Tena, kisha masomo, wenye kuisukuma ni sisi wenyewe.

1. Chukudu ni mashini

Tusiidharau kwa sababu ni ya mbao. Mu mwaka 1817, kule Mannheim nchi ya Ujerumani, Karl Drais alitengeneza kinga ya kwanza. Nayo ilikuwa ya mbao, magurudumu mawili, bila pedali. Mtu aliisukuma kwa miguu yake. Chukudu yetu iko na kanuni ile ile, lakini imetengenezwa kwa kubeba mzigo. Kule Goma watu wameisimamishia hata sanamu.

2. Mti

Mafundi wengi wanatumia mkaliptusi, kwa kuwa ni mgumu na unapandwa karibu kila mlima huku kwetu. Ubaya wake ni huu: ukifanyiwa kazi ungali mbichi, unajipinda na kupasuka. Mti unapokauka unapungua upana, lakini urefu wake haupungui sana. Kwa hiyo mashimo ya misumari yanalegea, na viungo vinaanza kulia.

Namna ya kupima ni rahisi. Uombe kwa fundi kipande kilichobaki cha mbao ile ile. Ukipime ku kilo, ukiweke juu ya jiko la nyumbani juma moja, kisha ukipime tena. Kikiwa kimepunguza uzito sana, basi mti ulikuwa mbichi. Mbao nzuri imekaushwa chini ya paa miezi mingi, na vijiti katikati ili upepo upite.

3. Magurudumu

Hapa ndipo chukudu nyingi zinakufia. Hapana kununua gurudumu lililokatwa kama kipande cha muhogo, yaani mti umelazwa na msumeno umepita kati. Mti unapokauka, unapungua kwa kuzunguka kama mara mbili kuliko unavyopungua kutoka ngozi kwenda katikati. Ndiyo sababu gurudumu kama hilo linapasuka toka moyo wa mti mpaka pembeni. Gurudumu la mbao iliyopasuliwa kwa urefu ni bora. Na likiwa la mbao mbili zilizogongwa pamoja, mishipa ya moja ikivuka mishipa ya ingine, ni bora zaidi, kwa maana pale moja inapotaka kupasuka, ingine inaishika.

Uangalie tena mpira wa gari la zamani uliozungushwa inje. Misumari iwe karibu karibu, na vichwa vyake viingie ndani kidogo. Gurudumu kubwa linavuka mashimo ya barabara kuliko dogo.

4. Rulma

Mbao ikizunguka juu ya chuma tupu inakula nguvu ya msukumaji, na tundu linapanuka kila siku. Rulma inapunguza msuguano kwa sababu vidude vyake vinabingirika, havikwaruzi. Inua gurudumu, ulizungushe kwa mkono, usikilize. Likizunguka kimya na muda mrefu, ni vizuri. Likilia kama mchanga, rulma imekwisha. Uulize pia kama rulma ya kipimo kile inapatikana Butembo ao Beni. Kitu cha kudumu ni kile kinachoweza kutengenezwa pale unapoishi.

5. Breki

Hii ni sehemu ya uhai, tuikalie zaidi. Butembo iko karibu metre 1,700 juu ya bahari, Beni inapita kidogo 1,100. Tuhesabu kushuka metre 500 na chukudu, mzigo na mtu, vyote pamoja kilo 200:

200 x 10 x 500 = jule 1,000,000.

Nguvu hiyo haipotei. Inageuka kuwa joto: kidogo ku rulma na ku barabara, nyingi ku breki. Kuchemsha litre moja ya maji toka digri 20 mpaka 100 kunataka jule 336,000. Kwa hiyo joto lote la safari hiyo lingeweza kuchemsha karibu litre 3 za maji! Na breki yetu ni nini? Ni kipande cha mpira kinachokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma.

Basi, kipande hicho kiwe kipana na kinene, kifungwe kwa bulo, si kwa msumari mmoja. Ukijaribu ku mtelemko mdogo, na mzigo juu, mtu mmoja aweze kuisimamisha. Wakati wa mvua mpira unateleza, kwa hiyo punguza mzigo. Ukisikia harufu ya kuungua, simama, uache ipoe. Anayekufa ku mtelemko mara nyingi hakukosa nguvu, alikosa breki.

6. Bei

Tuseme chukudu moja ni franka 100, inadumu miezi 10. Ingine ni 150, inadumu miezi 30. Ya kwanza inakula franka 10 kila mwezi, ya pili 5 tu. Ile ya bei ndogo njo ya bei kali. Nyumba isiyoweza kulipa 150 mara moja inaweza kuungana na jirani, kuliko kununua ile inayovunjika.

Maswali

1. Kwa nini gurudumu lililokatwa kama muhogo linapasuka?
2. Chukudu na mzigo vikiwa kilo 300, na mtelemko ni metre 200, joto litakuwa jule ngapi?
3. Chunguza chukudu ya kwenu jioni hii. Ni sehemu gani itavunjika kwanza? Umwambie mwenye kuisukuma kesho.